Konokono wa bahari hana nyumba, hajifiche, na samaki hamukule: juu ya nini?

#1 MtotoWaHimbi (Goma)
Jambo ba ndugu. Niko na swali yenye imekatala kutoka mu kichwa. Ndugu yangu wa Mombasa alinitumia foto ya nyama moja ya bahari, jina ya kisayansi ni Chromodoris africana. Mweusi, mistari myeupe inapita mu mugongo toka kichwa mpaka nyuma, kiisha pembeni kuko ukanda wa rangi ya machungwa unazunguka mwili yote. Kule nyuma eko na kitu sawa ua, banasema njo anapumulia, iko inje kabisa. Ukubwa wake kama kidole. Ni konokono, lakini nyumba hana. Hakimbie, anatambaa polepole juu ya mwamba mchana kweupe na hizo rangi zote.
Sasa: mu bahari yenye kujaa samaki, kaa na pweza, nyama laini vile, bila ganda, bila mbio, anaonekana toka mbali, juu ya nini haliwe? Nipeni maelezo, na musiniambie "ni maumbile tu" ju hiyo haijibu kitu.

#2 Kadutu_243 (Bukavu)
Siye huku tuko tunatafuta bei ya samaki sambaza wewe unasumbukia konokono wa Mombasa 😂 Ila swali ni ya muzuri. Jibu langu fupi: eko na sumu. Kitu yenye kuvaa rangi kali mu pori ao mu maji, uiache ipite.

#3 Mwalimu_Kamalondo (Lubumbashi)
Kadutu amegusa, lakini sumu hiyo si yake. Hapo ndipo utamu wa jambo lenyewe. Konokono wa kundi la Chromodoris wanakula sifongo, na sifongo ni mnyama asiyeweza kukimbia wala kuuma, kwa hiyo anajilinda kwa kemikali. Konokono anamla bila kudhurika, anachukua ile kemikali na kuihifadhi mwilini mwake. Mwaka 2016 watafiti wa Australia walichunguza aina 5 za Chromodoris, wakakuta ndani ya matumbo kuna kemikali mbalimbali, lakini kwenye ukingo wa mwili, yaani pale pale kwenye ukanda wa rangi, wameweka moja tu, inaitwa latrunkulini A. Ni kali. Inavuruga nyuzinyuzi ambazo seli inazitumia kushika umbo lake.
Fikiria hilo. Mnyama anakula vitu vingi, anachagua kilicho kikali kuliko vyote, halafu anakiweka mpakani, mahali samaki atakapouma kwanza.

#4 Katuba_Kwetu (Lubumbashi)
Mwalimu aksanti lakini kuko shida. Samaki atajua je kama ni sumu? Lazima amuonje. Akimuonja konokono amekufa. Sasa rangi ilimusaidia nini ule konokono? Imesaidia bale benye kubakia, yeye apana.

#5 MtotoWaHimbi (Goma)
@Katuba_Kwetu njo swali yangu kabisa, umenisaidia kuisema.

#6 Mama_Furaha (Bukavu, Ibanda)
Musiende mbali watoto wangu. Mu mashamba ya mihogo hatunaka ule panzi wa rangi, manjano na nyeusi na kijani? Anatembea polepole, haruke mbali, unaweza kumuokota na mukono. Kuku yangu wanakulaka kila kitu chenye kutambaa lakini ule wanamuacha. Na hakuna mutu alibafundisha, ao kama walifundishwa ni kwa kuonja mara moja na kutema.

#7 Mwalimu_Kamalondo (Lubumbashi)
Mama Furaha, heshima kwako, mfano huo ndio wenyewe. Panzi huyo anaitwa Zonocerus, na yeye pia anaenda kutafuta mimea yenye sumu anakusanya sumu yake humo.
@Katuba_Kwetu neno ni "kutema". Samaki haumi na kumeza mara moja, anaonja kwanza. Ukingo wa konokono una ladha mbaya sana, samaki anatema, konokono anaanguka chini na kuendelea na safari akiwa amepungukiwa kipande kidogo tu. Kuna aina nyingine Australia, Goniobranchus splendidus, mweupe mwenye madoa mekundu na ukingo wa manjano. Madoa yanatofautiana kutoka konokono hadi konokono, ila ukingo wa manjano haubadiliki. Wakajaribu kwa samaki na kuona kwamba samaki anajifunza ule ukingo wa manjano, madoa hayajali. Utafiti ulitoka 2017. Basi rangi inamsaidia yeye mwenyewe, maana samaki aliyeonja mwezi uliopita hatarudia kwake leo.

#8 Mtumishi_Majengo (Goma)
Bwana asifiwe. Mimi nasoma yote haya kwa furaha, lakini muache pia nafasi kwa Muumba. Vitu vingine Mungu aliviumba vizuri ju anapenda uzuri. Kule chini ya maji hakukuwa na mutu wa kuviona miaka yote ile na vilikuwa na rangi zilezile.

#9 Kadutu_243 (Bukavu)
Amina mutumishi. Lakini kama ni uzuri tu, juu ya nini alimupatia na sumu?

#10 Mtumishi_Majengo (Goma)
Uzuri bila ulinzi hauishi, ndugu. Hayo mambo mawili hayapingane.

#11 DereveKasumbalesa (Lubumbashi)
Ba ndugu miye niko dereva, natokaka Lubumbashi napita Kasumbalesa, Zambia yote mpaka Tunduma kiisha Dar, na pale Dar tukiwa tunangojea mzigo ya bandari inaweza kukawia sana basi tunaendaka Kigamboni kuangalia bahari, maji yakitoka unatembea mpaka mbali kabisa unakuta vitu vya kila namna mu mashimo ya mwamba, hao bakonokono bila nyumba miye nilibaona na macho yangu, na tena kuko watu banakusanya banakausha banauzisha kwa Wachina bei kubwa sana kwa hiyo sumu munasema iko wapi, kama ni sumu Wachina bangekula?

#12 Nahodha_Shimoni (Shimoni, pwani ya Kenya)
Salaam alaikum jamaa wa Kongo, nimeupitia uzi huu nikafurahi. Ndugu Dereva, hao wanaokaushwa na kuuzwa ni majongoo bahari, si hawa. Jongoo bahari ni mnene kama muhogo, ngozi ngumu, jamaa yake ni kiti cha pweza, yaani nyota ya bahari, wala si konokono. Huyu wa kwenye picha ni koa wa baharini, mwili laini, ukimtoa majini anakunjamana tu kama kitambaa kilicholowa, hana nyama ya kuliwa. Huku kwetu hakuna mvuvi anayemnunua wala kumuuza.
Na nyongeza moja. Mimi kazi yangu kupeleka wageni kuangalia matumbawe pale Kisite. Mnasema anaonekana toka mbali, lakini hamjamtafuta. Nawaonyesha watu kwa kidole, yuko shibiri moja mbele ya miwani yao, na hawamwoni. Mwambani si kama kwenye karatasi nyeupe. Kuna sifongo la machungwa, kuna jeusi, kuna vivuli, kuna mwani. Mistari ile inamkata umbo lake, jicho halipati mwanzo wala mwisho. Kwa mimi huyo amejificha.

#13 DereveKasumbalesa (Lubumbashi)
Sawa nahodha, lakini bale benye niliona mu shimo ya mwamba balikuwa na rangi na balikuwa laini, siyo bale ba muhogo.

#14 Nahodha_Shimoni (Shimoni)
Hao nakubali, walikuwa koa. Wa kuuzwa ndio majongoo. Umeona wote wawili.

#15 Sista_Virunga (Goma)
Jambo. Miye napigaka mafoto, ni kazi yangu, na niko na wazo yenye hamujasema. Rangi mu maji inapotea. Nyekundu njo ya kwanza kuenda, ukishuka metre kama 10 kitu chekundu kinageuka kijivu ao cheusi, kiisha machungwa inafuata, bluu njo inabaki mpaka chini. Mafoto yote hayo munaonaka ku intaneti balipiga na flashi kubwa karibu kabisa. Flashi inarudisha rangi yenye samaki hajawahi kuona. Kwa hiyo MtotoWaHimbi swali yako inatokana na foto, haitokane na bahari.

#16 MtotoWaHimbi (Goma)
Eee Sista hapo umenipiga. Lakini ule wa foto yangu banamuonaka mpaka ku maji mafupi yenye jua linafika, na mweupe juu ya mweusi hapotee hata kama rangi inapotea. Sasa ile ya nahodha na ile ya mwalimu zinapigana: amejificha ao anajionyesha?

#17 Mwalimu_Kamalondo (Lubumbashi)
Zinaweza kwenda pamoja. Mbali ni kujificha, karibu ni onyo. Mistari kutoka mbali inachanganyikana na mwamba, lakini samaki akifika karibu anaona kabisa kuwa huyu ni yule mwenye ladha mbaya. Kuhusu flashi ya Sista Virunga nakubali nusu: ndiyo maana onyo bora baharini ni tofauti ya weusi na weupe, si rangi peke yake, na ukingo wa manjano au machungwa unasaidia kwenye maji mafupi.

#18 Katuba_Kwetu (Lubumbashi)
"Zinaweza kwenda pamoja" ni jibu ya ba profesere bote wakibanwa 😂😂

#19 Kadutu_243 (Bukavu)
Hamujafikiria jambo ya kawaida kabisa. Ndoa! Tausi anavaa rangi ju ya nani? Ju ya jike. Na huyu vilevile anatafuta bibi.

#20 Mwalimu_Kamalondo (Lubumbashi)
Kadutu hapana, hilo haliwezekani. Macho yao ni madogo mno, yamezama ndani ya ngozi, yanatofautisha mwanga na giza tu. Hawezi kuona mistari ya mwenzake wala yake mwenyewe. Zile pembe mbili za kichwani ndizo pua yake, kwa hizo anafuata harufu ya chakula na harufu ya ute wa mwenzake. Na tena hakuna bwana wala bibi, kila mmoja ni vyote viwili kwa wakati mmoja, wakikutana wote wawili wanatoka na mimba.

#21 Kadutu_243 (Bukavu)
Wote wawili?? Na mahari inalipwa na nani

#22 Labo_Bukavu (Bukavu)
😂😂 Kadutu uko na kazi. Ila hiyo ya mwalimu ni kweli na kuko ya kushangaza zaidi: mwaka 2013 ba Japani walitoa utafiti juu ya jamaa moja wa kundi hilo, akimaliza tendo anakata kile kiungo chake anakitupa, na siku yenye kufuata kingine kiko tayari. Walihesabu, siyo hadisi.

#23 Mtumishi_Majengo (Goma)
Watoto wanasoma hapa jamani.

#24 Mama_Furaha (Bukavu)
Wacha wasome mutumishi, ni biolojia. Miye swali yangu ni ingine. Tuko na Kivu hapa mbele ya mulango. Mbona mu Kivu hatunaka hawa? Konokono benye nyumba wapo, bila nyumba apana. Na mu Tanganyika?

#25 MwanaWaUvira (Bukavu kwa sasa)
Mama ile ya Tanganyika nijibu miye. Mu masomo balitufundisha Tanganyika ilikuwa bahari zamani, kiisha ikafungwa. Ushahidi iko: tuna konyeza mule (meduza, ule nyama mwororo kama jeli)! Wadogo, wazi kama kioo, kuko musimu unabaona wengi sana juu ya maji, sisi watoto tulibashikaka na mukono na habakuunguze. Na konokono benye miiba ku ganda kama ba bahari. Kwa hiyo hao bila nyumba pia balikuwa, pengine balikufa wakati chumvi ilitoka.

#26 Mwalimu_Kamalondo (Lubumbashi)
Ndugu wa Uvira, wazo hilo lina historia. Konyeza wa Tanganyika alionwa na msafiri Mjerumani Böhm mwaka 1883, jina lake Limnocnida. Yule konokono wa miiba anaitwa Tiphobia horei. Kwa sababu ya hao, Mwingereza J. E. S. Moore alikuja mara mbili, 1896 na 1899, na mwaka 1903 akachapisha kitabu kizima akitetea kwamba Tanganyika ni mabaki ya bahari ya kale. Leo hakuna mtaalamu anayelishika. Ziwa lilitokana na bonde la ufa kupasuka, umri wake unakadiriwa miaka milioni 9 mpaka 12, na halikuunganika na bahari. Wale konokono walibadilika humo humo ziwani, wakawa na maganda mazito kwa sababu humo kuna kaa wenye magando ya kuvunja. Yaani wanafanana na wa bahari kwa sababu wana maadui wa namna ileile.

#27 MwanaWaUvira (Bukavu)
Sawa mwalimu, tuseme hivyo. Lakini konyeza yenyewe aliingia je? Kaa hawana kazi na konyeza.

#28 Mwalimu_Kamalondo (Lubumbashi)
Konyeza wa maji baridi wako sehemu nyingi za dunia, si Tanganyika tu. Hawahitaji bahari ya kale.

#29 MwanaWaUvira (Bukavu)
Hiyo haijasema aliingia je.

#30 Kadutu_243 (Bukavu)
Mu Kivu ni gazi tu, hakuna siri. Chini kote ni metani na gazi karboni, hewa iko juu tu. Hata sambaza wenyewe hawakuwa wenyeji, waliletwa toka Tanganyika mu miaka ya mwisho ya 1950. Konokono laini atatoka wapi.

#31 Labo_Bukavu (Bukavu)
Gazi iko chini Kadutu, ku kando ya ziwa kwenye mawe iko hewa ya kutosha na konokono benye ganda baishi pale. Miye naona ni chumvi. Nyama ya bahari mwili wake umezoea maji ya chumvi. Umuweke mu maji baridi, maji inaingia kwa ngozi inamuvimbisha. Mwenye ganda anaweza kujifunga ndani, ule wa uchi ngozi yote iko wazi, hana mulango wa kufunga. Katika karibu aina 3,000 zenye zinajulikana za hao konokono uchi hakuna hata moja ya maji baridi. Kuko kadogo kamoja, Tenellia, kanavumilia maji yenye chumvi kidogo sana kwenye mito inaingia baharini, lakini kanaishia hapo.

#32 Katuba_Kwetu (Lubumbashi)
Miye nasema ni chakula. Mwalimu alisema sumu inatoka mu sifongo. Bila sifongo kali hakuna sumu, bila sumu uchi ni kifo. Chumvi baadaye.

#33 MwanaWaUvira (Bukavu)
Sifongo zipo Tanganyika Katuba, zinashika ku mawe, kijani.

#34 Katuba_Kwetu (Lubumbashi)
Kali ao laini?

#35 MwanaWaUvira (Bukavu)
Sijawahi kuonja ndugu 😂

#36 Nahodha_Shimoni (Shimoni)
Kwa kuwa mmemtaja konyeza. Si wote wanakula sifongo. Kuna kundi jingine lina vidole vingi mgongoni, hao chakula chao ni jamaa wa konyeza na matumbawe. Konyeza ana vimishale vya sumu kwenye ngozi, ukimgusa vinafyatuka. Koa anavila bila kuvifyatua vyote, vile vichanga vinapita tumboni vinapanda mpaka kwenye ncha za vile vidole vya mgongo, vinakomaa humo na sasa ni silaha zake. Yupo mmoja wa bluu na fedha, Glaucus, hakai mwambani hata kidogo, anaelea bahari kuu chali, amemeza hewa. Tumbo la bluu linatazama juu, mgongo wa fedha chini, ndege hamwoni na samaki hamwoni. Ni mdogo, sentimita 3 hivi, lakini akikuuma utamkumbuka maana vimishale vyake amevikusanya na kuviweka pamoja.

#37 MtotoWaHimbi (Goma)
Nahodha ngoja. Sasa huyo wa bluu rangi yake ni ya kujificha, na eko na silaha kali. Ule wangu rangi ni ya onyo na eko na silaha pia. Kama onyo ni ya muzuri vile, juu ya nini Glaucus hakujionyesha?

#38 Sista_Virunga (Goma)
Swali ya leo hiyo 👏

#39 Mwalimu_Kamalondo (Lubumbashi)
Kwa sababu anaelea. Wa mwambani anakaa mahali pamoja, samaki wa pale ni walewale kila siku, wanajifunza na kukumbuka. Bahari kuu kila siku adui ni mgeni ambaye hajawahi kufundishwa. Hayo ni maoni yangu, ila naona yana uzito.

#40 Nahodha_Shimoni (Shimoni)
Na kuna wanaofaidi bila kulipa. Yule Phyllidia, ana vinundu vya manjano juu ya bluu na nyeusi, sumu yake kali hata ukimweka ndoo moja na samaki, samaki wanakufa. Sasa tazama: yupo jongoo bahari mmoja, mtoto wake akiwa bado mdogo amevaa sura ya Phyllidia kabisa, vinundu na rangi. Akikua anaiacha anakuwa jongoo wa kawaida. Ndugu Dereva, jongoo na koa si jamaa lakini jongoo mwenyewe anamwigiza koa.

#41 DereveKasumbalesa (Lubumbashi)
Munaona! Hata jongoo mwenyewe anabachanganya na watu wananilaumu miye. Aksanti nahodha hiyo nitaibeba mpaka parkingi ya Tunduma nitabaeleza bale ba dereva wengine, bananiitaka muongo lakini hiyo watanyamaza.

#42 Katuba_Kwetu (Lubumbashi)
Lakini basi onyo inaharibika! Kila mwenye kuiga akiliwa bila sumu, samaki anajifunza kama rangi ni bongo. Wakiwa wengi benye kuiga hata mwenye sumu atakuliwa.

#43 Labo_Bukavu (Bukavu)
Ndiyo, kwa hiyo benye kuiga lazima babakie wachache. Ila kuko pia kuiga kwa benye sumu bote: aina nyingi za Chromodoris zinafanana mistari, na zote ni mbaya. Samaki anajifunza somo moja linabalinda bote.
Niongeze upande wa kazi yangu. Sumu hizi hazikai baharini tu. Kuko jamaa wao mkubwa anaitwa Dolabella, kijani-kahawia, mubaya wa kuangalia. Mwaka 1972 walikusanya wale wa Morisi, bahari yetu hii ya Hindi, wakatafuta kitu kinachouwa seli za kansa. Ilichukua mpaka 1987 kujua umbo lake, dolastatini 10, ju katika kilo nyingi za konokono unapata kiasi kidogo ajabu. Toka pale walitengeneza dawa inafungwa ku antikorpi (protini yenye kutambua seli) inaenda moja kwa moja ku seli za kansa ya tezi za limfu, Marekani walikubali kuitumia 2011, watu wanapona. Na mwisho wakagundua Dolabella hakuitengeneza, anaipata kwa bakteria za kijani-bluu zenye anakula. Wizi tena.

#44 Mama_Furaha (Bukavu)
Kansa ya tezi najua familia yenye ilipoteza mutoto nayo. Dawa hiyo inafika huku?

#45 Labo_Bukavu (Bukavu)
Mama, mu hospitali za kwetu sijawahi kuiona. Bei yake ni ya inchi tajiri. Inauma, ju chanzo chake ni bahari ya upande huu wa Afrika.

#46 Mama_Furaha (Bukavu)
Inauma kweli. Pole kwa wote.

#47 Nahodha_Shimoni (Shimoni)
Hata majina yao hayakutoka kwetu. Huyu Chromodoris africana aliyeuanzisha uzi aliandikwa na Sir Charles Eliot mwaka 1904. Alikuwa kamishna wa Waingereza wa Afrika Mashariki, na wakati huohuo anakusanya koa wa Zanzibar na pwani yetu. Mmoja kampa jina la kisiwa chetu hapa mbele, Halgerda wasinensis, kwa Wasini.

#48 Katuba_Kwetu (Lubumbashi)
Eliot ule ule mwenye alifungua milima ya Kenya kwa masetla wazungu?

#49 Nahodha_Shimoni (Shimoni)
Huyo huyo. Mwaka 1904 akajiuzulu kwa ugomvi wa mambo ya ardhi na wakubwa wake.

#50 Katuba_Kwetu (Lubumbashi)
Mutu wa kuangalia konokono na macho makali vile na hakuona wenye mashamba. Siye Katanga tunajua hiyo historia, walikuja na daftari ya kuandika mawe.

#51 Mwalimu_Kamalondo (Lubumbashi)
Nirudishe kwenye swali, maana kuna mtu alisema mwanzoni hakuna anayewala. Wapo wanaowala. Gymnodoris ni koa anayewinda makoa wenzake, anafuata njia ya ute na kummeza. Macho hana ya kuona rangi, kwa hiyo mistari haimtishi, na sumu anaivumilia. Mchoro wote ule unamhusu samaki tu.

#52 Sista_Virunga (Goma)
Mwalimu na ule mukubwa mwekundu wa kucheza usiku? Niliona video, anaogelea kama nguo ya mucheza dansi. Kama ni usiku nani anamuona?

#53 Nahodha_Shimoni (Shimoni)
Huyo ni Hexabranchus, anafika sentimita 40, mayai yake anayataga kama ua waridi jekundu na ndani ya mayai ameweka sumu ya sifongo pia. Mchana amejikunja chini ya jiwe. Ukimsumbua anakunjua kingo zake kwa ghafla, nyekundu na nyeupe, anaanza kuogelea. Mimi naona rangi ile ni ya kushtua, adui anasita, yeye kaondoka. Kuna kamba mdogo anaishi juu yake, amevaa rangi ileile.

#54 MtotoWaHimbi (Goma)
Sasa tuko na onyo, kujificha, flashi, kuiga, kushtua, na uzuri wa Mungu. Hakuna mwenye kushinda bado. Miye nabakia na moja: mutoto wake anazaliwa je? Uchi toka mwanzo?

#55 Mwalimu_Kamalondo (Lubumbashi)
La. Anatoka ndani ya yai akiwa na ganda. Kadogo, kanaelea na maji, na ganda kama konokono yeyote. Kakifika chini mahali penye chakula chake kanabadilika na kuliacha. Mababu zake walikuwa na ganda na yeye analikumbuka utotoni tu.
Kuna mabishano humo. Faulkner na Ghiselin waliandika mwaka 1983 kwamba sumu ilitangulia: kwanza walijifunza kula sifongo bila kufa, ganda likawa mzigo usio na kazi, likapungua hadi likaisha. Mimi niko upande huo. Ganda linagharimu chokaa na nguvu, na kwenye nyufa nyembamba za mwamba linakwama.

#56 Katuba_Kwetu (Lubumbashi)
Na kama lilianza kupotea kwanza? Wengi wakaliwa, wakabakia tu bale benye walikuwa tayari wanakula vitu vikali. Matokeo yanafanana, huwezi kutofautisha leo.

#57 Mwalimu_Kamalondo (Lubumbashi)
Unaweza. Wapo jamaa zao wa leo wenye ganda dogo lililobaki ndani ya mwili, na tayari wana kemikali. Hao wako katikati ya safari.

#58 Katuba_Kwetu (Lubumbashi)
Ao walisimama pale, safari hawana.

#59 Kadutu_243 (Bukavu)
Hawa wawili muwawekee chumba yao 😂

#60 DereveKasumbalesa (Lubumbashi)
Miye nitapakia tena wiki zenye kuja, nitafika Dar. Nahodha nielekeze, nataka nimuangalie vizuri huyu wa mistari, nione eko juu ya sifongo gani, kama rangi inafanana basi ni kujificha, kama haifanane basi mwalimu eko na haki.

#61 Nahodha_Shimoni (Shimoni)
Subiri bamvua, mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maji yakikauka sana. Vaa viatu, kuna urumbu wenye miiba na samaki-mawe wenye sumu. Tafuta kwenye madimbwi ya ukingo wa mwamba upande wa bahari, uangalie chini ya vizingiti, si juu. Ukigeuza jiwe ulirudishe vilevile upande uleule, walio chini yake wanakufa kwa jua. Usimtoe majini. Na ukimwona juu ya sifongo lake usitosheke na mmoja, tafuta na wengine, maana mmoja anaweza kuwa anapita njia tu.

#62 MtotoWaHimbi (Goma)
Dereve upige foto bila flashi na ingine na flashi, zote mbili, ju ya Sista.